Kina cha Saba

Kochi la kona lilikuwa na kosa moja tu, nalo lilikuwa la kuzaliwa: lilikuwa pana kuliko mlango wowote wa mtaa ule. Sponji, fundi wa makochi, alilitengenezea nje kwa sababu ndani ya karakana kulikuwa na joto, na lilipokwisha, na lilikwisha zuri, likagoma kuingia kwa mwenyewe aliyeliagiza. Likageuzwa ubavu, likasimamishwa wima, likasukumwa na wanaume wanne na kutukanwa na watano, wapi! Mwenyewe akasusa. Basi likarudi nje ya karakana, likafungiwa turubai juu, likawa kijiwe. Kushoto alikaa Sponji mwenyewe. Kulia alikaa Mzee Karani, aliyestaafu ukarani lakini hakustaafu kusahihisha watu. Katikati alikaa Bomba, fundi wa mabomba, mtu mpana mwenye kicheko kipana, rafiki wa Sponji tangu wote wawili wakiwa na nywele. Redio alikaa mbele yao juu ya kreti la soda. Kazi yake kutengeneza redio, na jina alipewa kwa kuwa yeye mwenyewe hazimiki. Pembeni alikaa Mama Buli na jiko lake na buli lake la kahawa, na huyo ndiye aliyekuwa serikali.

Lakini asubuhi hiyo katikati hapakuwa na mtu. Palikuwa na shimo. Bomba alikuwa amepakalia mpaka sponji ya ndani ikakata tamaa, ikawa bonde. Akiwepo, bonde halionekani. Asipokuwepo, wa kushoto anateleza kulia, wa kulia anateleza kushoto, na wote wawili wanakutana katikati bega kwa bega kama maharusi. Kwa hiyo Sponji alikuwa ameshikilia mkono wa kochi upande wake, Mzee Karani ameshikilia upande wake, kila mmoja anakunywa kahawa kwa mkono uliobaki, na hakuna aliyekubali kwamba ameshikilia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga, na ugomvi wa kijinga ndio mgumu kupatana, maana mtu mzima anaona haya hata kuusimulia. Sponji alitoka karakanani na kipande kipya cha sponji, akasema mbele ya watu: "Leo naliziba hilo shimo lako." Hakuwa na ubaya. Bomba akauliza: "Shimo langu limekukosea nini?" Sponji akasema linamwaibisha, wateja wanapita wanamwona fundi wa makochi amekalia korongo. "Kwa hiyo nakuaibisha," Bomba akasema. "Mtu akitaka kuziba mahali pako, anakwambia uondoke." Na Sponji, ambaye hasira yake hufika kabla yeye mwenyewe hajavaa viatu, akasema: "Basi ondoka tuone!"

Bomba akaondoka. Sponji hakulitegemea hilo. "Ondoka tuone" ni maneno ya kusemwa, si ya kutekelezwa. Ulimwengu mzima unajua hivyo. Bomba akavuka barabara, akakaa kwa kinyozi kwenye kiti cha plastiki, na tangu siku hiyo alikuwa anakunywa chai ya chupa, tena waziwazi, watu wote wanamwona. Na kipande kile kipya cha sponji kiliegemea mlango wa karakana, bado kimo kwenye nailoni yake. Kila asubuhi Sponji alikitoa. Kila jioni alikirudisha. Mtu asingethubutu kumuuliza.

— Jamani nyamazeni! Redio akasema, ingawa aliyekuwa anasema ni yeye peke yake. Sikilizeni hapa. Mambo ya kitaalamu.

Redio iliyokuwa mapajani mwake ilikuwa ya mteja, na betri zilikuwa za kwake, yaani zimekufa. Alikuwa amezing'ata, akazianika, akazing'ata tena. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa kabatini.

"...wataalamu wanaeleza kwamba vina..." Hapo pakakwaruza. "...saba huenda vikachangia hata namna tunavyochagua marafiki, ingawa..." Ikapiga mluzi mwembamba, ikanyamaza.

Sasa, wewe na mimi tunajua kwamba neno lile ni moja. Ni vinasaba, hizo chembe za urithi anazopewa mtoto na wazazi wake kabla hata hajapewa jina. Lakini betri ilikuwa imelikata katikati, na pale kwenye kochi hapakuwa na wa kuliunga.

— Mmesikia? Redio akasema. Vina saba!

— Kina Saba wa wapi? Mama Buli akauliza. Hao siwajui. Wamehamia lini?

— Si kina Saba watu, Mama Buli. Vina. Kama kina cha kisima. Mtu ana vina saba ndani yake, na hivyo ndivyo vinavyomchagulia marafiki.

Mzee Karani akakohoa, dalili kwamba anakwenda kutoa hukumu.

— Kiswahili fasaha kabisa. Kina kimoja, vina viwili, vina saba. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Na hiyo "ingawa" mwishoni? Mama Buli akauliza. Yule wa redioni alisema "ingawa."

— Ingawa ni ya kwao kule studio, Redio akasema. Sisi shika hili: rafiki huchagui. Vina vyako vinapimana na vyake, kimoja kimoja. Vikilingana, mnapatana. Visipolingana, hata mkikaa kochi moja mpaka mzeeke, ipo siku kitanuka.

Sponji akaweka kikombe chini.

— Hebu rudia hapo.

— Pa kuzeeka?

— Pa kunuka. Kikinuka, kosa ni la nani?

— La mtu hakuna, fundi. Ni la vina.

Moyoni mwa Sponji kitu kikalegea, kitu kilichokuwa kimemkaba tangu siku ile. Kumbe! Yeye hakusema lolote, vilisema vina. Naye Bomba hakuondoka, viliondoka vina. Na kama hakuna mwenye kosa, basi hakuna wa kuvuka barabara. Barabara yenyewe haikuwa pana, mtu angeweza kutema mate yakafika ng'ambo, lakini yeye alikuwa ameitazama siku hizo zote kama mtu anayetazama mto wenye mamba.

— Huyo mtaalamu ana akili, akasema. Tilia wote kahawa, Mama Buli. Na huyu Redio pia.

— Mimi simkubali, Mama Buli akasema, lakini alimimina. Mtu ana akili zake na hiari yake. Kama mimi, kahawa nimechagua mwenyewe.

— Mama yako alikuwa anauza nini? Redio akauliza.

— Kahawa.

— Na bibi yako?

— Bibi alikuwa na buli.

— La kufugia kuku?

— La kahawa! Lakini bibi aliuza kavu, na mama aliuza kavu. Tangawizi nimetia mimi! Hakuna aliyenirithisha, hakuna aliyenituma. Siku moja nimeamka, nimetia. Kahawa ni ya kwetu, sawa, nakubali. Tangawizi ni yangu.

— Tangawizi ni kitu kidogo, Redio akasema.

— Kunywa kahawa bila hiyo basi. Lete kikombe.

Redio akakikumbatia kikombe chake, akanyamaza, na hilo lilikuwa tukio.

— Mama Buli, Sponji akasema, kwenu mna tangawizi, Mungu awabariki. Sisi kwetu hatuombi radhi. Ni jambo la ukoo, limo kwenye mifupa. Baba yangu hakuwahi kumwomba mtu radhi hata akimkanyaga. Babu yangu ndiyo usiseme. Alimnunia bibi kwa ajili ya chumvi, wakaishi hawasemezani mpaka wakazeeka.

— Walizaa wangapi?

— Wanane.

— Wakiwa hawasemezani?

— Neno hata moja.

Mama Buli akafunika buli lake.

— Basi na huyo babu alikuwa na tangawizi yake.

Mzee Karani alicheka mpaka akasahau kushikilia. Mkono ukamponyoka, mzee wa watu akateleza bondeni, akatua begani kwa Sponji na kahawa yake.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema, akijifuta.

— Hiyo ni kahawa, Sponji akasema. Na umeimwagia suruali yangu. Basi on...

Akaliuma lile neno. Wote walilisikia likiumwa. Mzee Karani akapanda kurudi kwake polepole kama mtu anayetoka kisimani, akaushika mkono wa kochi, akajifanya alikuwa anautafuta.

— Damu nzito kuliko maji, akasema ili kuokoa hali. Na Bomba ni mtu wa maji. Hapo ndipo mlipokosana, kijana wangu. Kisayansi.

Sponji alikuwa na upara na mvi kwenye nyusi, lakini kwa Mzee Karani kila mtu ni kijana wake.

— Sasa tuvihesabu, Mzee Karani akaendelea. Neno limesema saba, lazima vitimie. Mimi nilikuwa ofisini, jambo lisilohesabika halipokelewi.

Akanyoosha mkono wake huru, vidole vimefumbwa tayari.

— Kina cha tumbo, Redio akasema upesi. Mlaji na asiyekula hawawezi kuwa marafiki. Mmoja anasubiri, mwingine anashuhudia.

Kidole kimoja kikafunguka.

— Kina cha koo, Mama Buli akasema, akimtazama huyohuyo Redio. Kuna mtu anamaliza kikombe kwa funda moja, halafu anadai hajaonja.

— Hicho si ni tumbo lilelile?

— Tumbo liko chini. Koo lina mlango wake. Mzee, andika koo.

— Nimeshaandika, Mzee Karani akasema, ingawa hakuwa na kalamu. Kidole cha pili.

— Kina cha sikio, Redio akasema. Kuna mtu ukimwambia neno linashuka mpaka chini, linakaa. Mwingine linagonga juujuu, linakurudia mwenyewe.

— Lako wewe ni sahani, Mama Buli akasema.

— Kina cha moyo, Sponji akasema.

Hilo hakuna aliyelicheka. Lilipita kama mtu anayepita msibani, na kidole cha nne kikafunguka kimyakimya.

— Kina cha usingizi, Mzee Karani akasema mwenyewe. Mke wangu na mimi tumepatana kwa hicho tu. Mengine yote tunapishana, lakini tukilala, tumelala.

— Usingizi si kina, Sponji akasema. Usingizi ni uvivu uliovaa shuka.

— Unabisha?

— Nabisha!

— Samaki mkunje angali mbichi, Mzee Karani akasema kwa hasira, na hakuna aliyejua samaki ameingilia wapi. Kidole cha tano kikapita kwa nguvu.

Mkono ukaisha. Vidole vyote vitano vilikuwa wazi, na mkono wa pili ndio ulioshika kochi. Mzee Karani akautazama ule mkono wa pili. Sponji naye akautazama.

— Kina cha kununa, Mama Buli akasema, taratibu, akikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Kuna mtu akinuna ni kama kidimbwi, jua likitoka kimekauka. Na kuna mtu akinuna, ukitupa jiwe husikii limefika.

— Unamsema nani? Sponji akauliza.

— Nasema vina. Mzee, hesabu.

Karani ni karani. Jambo likishapokelewa lazima lihesabiwe. Mzee wa watu akafumba macho, akaachia mkono wa kochi ili anyooshe kidole cha sita, na safari hii alikwenda bondeni miguu juu. Kidole chake, hata hivyo, kilibaki kimenyooka.

— Sita! akasema kutoka huko chini.

— Na cha saba?

Hapo wakakwama. Redio alisema kina cha ndevu, akazomewa. Akasema kina cha kivuli, akaulizwa kivuli cha saa ngapi. Akaitikisa redio ya watu, akaing'ata betri, akaitikisa tena, haikutoa hata pumzi.

— Basi tufanye majaribio, akasema. Hawa wataalamu hawahesabu kwa vidole, wanafanya majaribio. Mnajua miayo? Mtu akipiga mwayo, mwenye vina sawa na vyake naye anapiga. Asiye sawa naye hasikii kitu.

— Umelitoa wapi hilo? Sponji akauliza.

— Kwenye redio nyingine. Fundi, geukia ng'ambo. Piga mwayo umwelekee Bomba. Asipojibu, vina havilingani, kesi imekwisha, unakunywa kahawa yako kwa amani mpaka kufa.

Sponji hakupenda maneno ya kufa, lakini alipenda ya kesi imekwisha. Akageukia barabara. Kule ng'ambo Bomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho miguu yake ilikuwa imeanza kutanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Alikuwa anatazama upande wao. Walipokutana macho, wote wawili wakatazama angani, kana kwamba mvua iliahidi kuja.

Sponji akafungua kinywa. Mwayo wa kwanza ulikuwa wa uongo, lakini mwayo wa uongo una desturi ya kwenda kumwita wa kweli. Wa pili ulimtoka mpaka machozi.

Kule ng'ambo, Bomba akafumbua kinywa chake kipana, akapiga mwayo ambao ungeweza kumeza chupa ya chai na mwenye chupa.

— Amejibu! Redio akaruka kutoka kwenye kreti. Vinalingana! Vyote!

— Subiri, Mama Buli akasema. Tazama.

Kinyozi naye alikuwa amepiga mwayo, mashine ikiwa juu ya kichwa cha mteja. Mteja akapiga. Mtu wa mkokoteni aliyekuwa anapita akasimama, akaweka mkokoteni chini, akapiga, akauinua, akaendelea na safari. Mzee Karani akapigia kulekule bondeni. Mama Buli akajizuia, akajizuia, akashindwa.

— Kwa hiyo mtaa mzima ni ndugu, Redio akasema, akipangusa macho. Au mtaa mzima haujalala.

— Kwa hiyo umenidanganya! Sponji akasema.

Na hakuwa anatania. Kile kilichokuwa kimelegea moyoni mwake kilikuwa kimerudi kukaba. Kama vina vinalingana, basi havikusema vina. Alisema yeye. Kilikuwa kinywa chake, hasira yake, ulimi wake, mbele ya watu, na watu hao ndio hawa. Akakishika kikombe kwa nguvu kana kwamba nacho kilikuwa kinataka kuvuka.

Hapo ndipo akatokea mwanamke asiyemjua mtu. Alikuwa amelowa kuanzia magotini kwenda chini, kandambili zinalia kwapu kwapu, mkononi ameshika koki iliyokatika shingo.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, Mzee Karani akaitika kutoka bondeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Buli, mtilie mgeni.

— Sikujia kahawa, baba. Jikoni kwangu bomba limepasuka. Sufuria zinaogelea na mama mkwe yuko juu ya meza. Nimeambiwa nenda kwenye kochi la kona, fundi wa mabomba anakaa katikati. Ni wewe?

— Mimi nimeanguka tu, Mzee Karani akasema, akaanza kupanda.

Yule mwanamke akangoja mzee arudi mahali pake. Kisha akatazama mahali palipobaki.

— Hapa katikati?

— Hapo hapo, Redio akasema.

— Hapa ni shimo.

— Ndiye yeye, Mzee Karani akasema.

— Dada, usishangae, Redio akaingilia. Jambo lenyewe ni la kisayansi. Binadamu ana vina saba, na sisi tumeshapata sita. Tumbo, koo, sikio, moyo...

— Vinasaba, yule mwanamke akasema.

— Ndiyo, vina saba.

— Si saba, kaka. Vinasaba. Neno moja, limetoka kwenye nasaba. Vile unavyofanana na baba yako. Saba haimo.

Mzee Karani akautazama mkono wake ulioshika kochi, kidole cha sita kikiwa bado kimesimama, hajui akirudishe wapi.

— Neno moja au mawili, Sponji akasema kwa ukali, sisi tumeshafika cha sita na haturudi nyuma.

— Haya, baba yangu, kaeni nacho. Mimi nina mama mkwe juu ya meza. Huyo fundi yuko wapi?

Wakanyoosha vidole, wote wanne kwa pamoja, kuelekea ng'ambo. Bomba, aliyekuwa anachungulia kwa pembe ya jicho, akageuza uso upesi, akaanza kusoma bei za kunyoa ukutani kana kwamba zimeandikwa leo.

— Pale? Yule pale? Yule anayetuona?

— Yule yule.

— Sasa kwa nini hamumwiti?

Basi. Swali lenyewe lilikuwa hilo tu. Redio, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kukosa jibu, akafungua kinywa, kikabaki wazi kama duka lisilo na bidhaa. Mzee Karani akatafuta methali. Ukamwona anazipekua moja moja, na kila aliyoiokota aliirudisha. Mama Buli hakujibu kwa sababu alikuwa anamtazama Sponji, na Sponji hakujibu kwa sababu alikuwa anatazama ile koki iliyokatika shingo. Angesema nini? Kwamba babu yake alinuna kwa ajili ya chumvi?

— Haya, yule mwanamke akasema, nitakwenda mwenyewe.

Akageuka, kandambili zikalia kwapu.

— Kaa! Sponji akasema. Neno lilitoka kali kuliko alivyotaka, kama kawaida yake. Akalipunguza. Kaa, binti yangu. Nakwenda mimi.

— Nikae wapi?

— Popote. Ila hapo katikati usikae.

Akaachia mkono wa kochi, akasimama. Kochi, kwa kukosa uzito upande mmoja, lilimsukuma Mzee Karani bondeni kwa mara ya tatu, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Walikuwa wanaitazama barabara. Sponji alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena kushoto, na hapakuwa na gari wala baiskeli wala mbuzi wa kumsaidia kuchelewa. Akavuka.

Kwa kinyozi mashine ilizimwa. Mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akageuza shingo aone vizuri.

— Umekuja kunyoa? Bomba akauliza, macho bado kwenye bei.

— Sikuja kunyoa.

— Nywele zenyewe huna.

— Na wewe unazo?

— Mimi sikuvuka barabara.

Sponji akameza hilo. Lilishuka kwa shida, lakini lilishuka.

— Kuna mama pale, bomba limempasukia jikoni. Anakutafuta.

— Ungemwelekeza tu, akaja mwenyewe.

— Alitaka kuja mwenyewe. Nikamwambia akae.

Bomba akaacha kusoma ukuta. Kiti cha plastiki kikalia chini yake.

— Siku ile, Sponji akasema. Akakwama. Kwao maneno haya hayakuwepo. Baba yake hakuwa nayo, babu yake hakuwa nayo, hakuna aliyemwachia hata nusu yake. Ilibidi ayatengeneze palepale, kwa vifaa alivyokuwa navyo. Akaendelea: siku ile nilisema ondoka tuone.

— Ulisema.

— Haya. Nimeona.

Bomba akafunga kizibo cha chupa ya chai.

— Umeona nini?

— Nimeona Mzee Karani ananilalia begani kila asubuhi kama bibi harusi. Ananimwagia kahawa na methali. Kifua kinaniuma kwa kushikilia kochi langu mwenyewe nisianguke. Njoo ukae mahali pako, bwana.

Kicheko cha Bomba kilianzia tumboni, na kiti cha plastiki kilikuwa kimekisubiri hicho tu. Mguu wa nyuma ukasema basi. Fundi wa mabomba akaenda chini pamoja na kofia yake na chupa ya chai, na Sponji akampa mkono, akamvuta, na hata alipokwisha kusimama ule mkono haukuachiwa mara moja.

— Na ile sponji mpya? Bomba akauliza walipokuwa wanavuka kurudi. Si ulitaka kuziba?

Sponji alikwenda moja kwa moja mlangoni pa karakana, akakichukua kile kipande, akakichana nailoni, akamtupia yule mwanamke.

— Chukua. Hii inakunywa maji kuliko huyu Redio anavyokunywa kahawa. Nenda ukakaushie jikoni.

— Nikurudishie lini, baba?

— Usirudishe. Na mteremshe mama mkwe.

Bomba alikuwa ameshaubeba mfuko wa spana, ameshageuka kumfuata. Lakini akasita, akarudi hatua mbili, akamvuta Mzee Karani kutoka bondeni na kumrudisha upande wake, akaliegemezea kochi mgongo, akakaa. Mara moja tu, kama mtu anayejaribu kofia. Akazama bondeni mpaka mahali pake, kochi likashusha pumzi, na kule pembeni Mzee Karani akanyanyuka taratibu, akakaa sawa, mikono yote miwili huru kwa mara ya kwanza tangu ugomvi.

— Liko vilevile, Bomba akasema.

— Kina cha kochi, Mzee Karani akasema, na kidole cha saba kikafunguka chenyewe. Saba. Imetimia. Nilisema mimi.

— Baba, mama mkwe! yule mwanamke akalia.

— Nakuja, nakuja!

Wakaondoka, kandambili zinalia, spana zinagongana. Katikati ya kochi Bomba aliacha kofia yake, na hakuna aliyeigusa.

— Hiyo sasa, Mama Buli akasema, akimtazama Sponji, ndiyo tangawizi.

Akainamisha buli kwenye kikombe cha Sponji. Likatoa tone moja, likafikiri, likatoa la pili. Kahawa imekwisha.

Redio hakuridhika. Akasogeza kreti lake karibu.

— Lakini fundi, swali letu halijajibiwa. Kule ng'ambo ulikwenda kwa damu au ulikwenda kwa hiari?

Sponji alikuwa anajipangusa kahawa kwenye suruali, na hasira yake ilikuwa imesharudi nyumbani salama.

— Nilikwenda kwa miguu, akasema.